Cherehani kimoja, vitambaa vingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye cherehani kimoja nyumbani, kiwe kile cheusi cha kukanyaga au cha umeme cha kuweka mezani, anayetaka kushona zaidi ya foronya na mapazia. Wenye mashine za kiwandani watusamehe. Huko mambo ni mengine.

Kwa nini cherehani changu kinashona kitenge vizuri, nikiweka satini kinaharibu?

Mara nyingi ni kwa sababu sindano ni ile ile. Watu wengi huweka sindano siku wanaponunua cherehani, wakaitoa siku inapovunjika. Kitenge kinavumilia sindano butu, satini haivumilii. Basi kabla hujampigia fundi simu, na kabla hujagusa tensheni (mkazo wa uzi), badilisha sindano. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine, na ndicho kinachokumbukwa mwisho.

Sindano iliyochoka haionekani kwa macho. Isikilize: ikiwa kila inaposhuka inagonga kitambaa "ta, ta, ta" badala ya kupita kimya, imekwisha. Au pitisha ncha yake kwenye soksi ya nailoni. Ikivuta uzi, itupe.

Namba zilizoandikwa kwenye pakiti ya sindano zina maana gani?

Utaona namba mbili, mfano 90/14. Ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 90 ni milimita 0.9. Ya pili ni kipimo cha sindano hiyo hiyo kwa mfumo mwingine, na ndiyo inayotajwa zaidi madukani: "nipe namba kumi na nne."

Kwa shifoni na hariri tumia 60/8 au 70/10. Satini, bitana na lesi laini, 70/10 au 75/11. Khanga, popilini ya mashati na kitambaa cha kanzu, 80/12. Kitenge kizito, kaki na sare za shule, 90/14. Jinzi, 100/16. Turubai na mabegi, 110/18, na hapo tayari unakaribia mwisho wa uwezo wa cherehani cha nyumbani.

Unene si kila kitu. Ncha nayo ina aina zake. Ya kawaida inafaa vitambaa vilivyofumwa kwa mtande na mshindio. Yenye ncha ya mviringo ni ya tisheti na vitambaa vyote vinavyovutika, kwa kuwa inasukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Kuna ya jinzi, na kuna ya ngozi ambayo ncha yake inakata. Kampuni ya Schmetz huzipaka alama za rangi ili usichanganyikiwe: machungwa na njano ni za vitambaa vinavyovutika, bluu ni ya jinzi, kahawia ni ya ngozi.

Angalia pia maandishi ya HAx1 au 130/705 H. Hizo ndizo za nyumbani, zenye upande mmoja bapa kwenye shina. Ukiuziwa DBx1, ambayo shina lake ni duara, hiyo ni ya mashine ya kiwandani na haitakufaa hata ikiingia.

Nimeweka sindano mpya, sasa haibebi kabisa uzi wa chini. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu, umeigeuza sindano. Kila sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Uzi huingia tunduni kwa upande wenye mfereji na kutokeza upande bapa, na upande bapa ndio unaotazamana na ndoano inayozungusha uzi wa chini. Vyerehani vingi vya umeme vya siku hizi huweka bapa nyuma, kwa hiyo uzi unaingia kutoka mbele. Vile vyeusi vya kukanyaga, uzi huingia kwa ubavuni. Aliyezoea kimoja akihamia kingine hukosea hapo hapo. Hakikisha pia umeisukuma hadi juu kabisa kabla ya kukaza skrubu, maana ikishuka hata milimita moja mishono itaanza kuruka.

Uzi umejikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Ni bobini?

Kila mtu hudhani ni bobini, na karibu kila mara si bobini. Fujo ikiwa chini, tafuta kosa juu. Uzi wa juu haujakaa kati ya sahani za tensheni, na sababu kubwa ni kutunga uzi huku mguu wa kubana kitambaa ukiwa umeshushwa: sahani zinakuwa zimebana, uzi unapita juu juu. Inua mguu, tunga upya kuanzia mwanzo, ushushe, kisha vuta uzi. Sasa unapaswa kuhisi ukinzani.

Kama bado, jaribu kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho ukitumia nyuzi za rangi mbili, moja juu, moja kwenye bobini. Vidoti vya uzi wa chini vikijitokeza juu, tensheni ya juu imekaza mno. Vya uzi wa juu vikionekana chini, imelegea. Zungusha nusu namba kwa wakati mmoja. Kijiskrubu cha kikasha cha bobini kiache. Anayekichezea bila kujua huishia kumlipa fundi.

Khanga inahitaji maandalizi gani?

Ni kitambaa rahisi kuliko vyote kujifunzia. Mara nyingi ni pamba tupu, haitelezi, inatii pasi. Khanga mpya ina wanga unaoifanya ngumu, kwa hiyo kama unashona gauni, ifue kwanza, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Itarudi kidogo na huenda ikachuja rangi, na bora irudi na kuchuja kabla haijawa nguo.

Kama ni kuvaa tu, kata doti katikati, kisha pinda zile ncha mbili fupi zilizokatwa. Pande ndefu zina ukingo wake, hazifumuki. Kunja nusu sentimita, kunja tena, pasi, shona kwa mshono wa urefu wa milimita 2.5.

Kwenye gauni la khanga kazi kubwa ni kupanga, si kushona. Pindo, mji na jina viko mahali pamoja, huwezi kuvihamisha. Weka vipande vya patroni juu ya khanga uliyoitandaza sakafuni na ufikirie kabla mkasi haujagusa: pindo likae chini ya sketi au kwenye mikono? Jina litasomeka, au litakatwa katikati likabaki neno la aibu? Limewahi kutokea kwa wengi, na mashangazi hawasahau.

Nitajuaje kitenge ni pamba au ni poliesta?

Chomoa uzi mmoja pembeni, uchome kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huungua haraka, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kipunje kigumu cheusi. Ikitoa vyote viwili, ni mchanganyiko.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya pasi. Kitenge cha pamba kinapenda pasi ya moto yenye mvuke. Cha poliesta kitang'aa au kitashika kwenye chuma. Kwa sindano tofauti ni ndogo, ila poliesta inapendelea iliyo mpya na nyembamba kidogo.

Tazama na upande wa nyuma. Kitenge cha nta kinakaribia kulingana rangi pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja huwa na mgongo uliofifia, na kola au mkunjo ukifunuka utaonekana.

Maua makubwa ya kitenge nayapangaje?

Chora mstari wa katikati ya mbele na uamue ua gani litakaa hapo. Halafu angalia kifua. Duara kubwa mbili zikianguka palepale pasipotakiwa, nguo nzima imeharibika hata kama mishono ni ya kupendeza. Ndege, herufi na miti vina juu na chini, kwa hiyo huwezi kugeuza kipande kimoja kichwa chini ili kubana kitambaa. Kwa vitenge hivyo nunua zaidi. Yadi tatu zinazotosha gauni kwenye kitenge cha kawaida huenda zisitoshe.

Shifoni inateleza, inamezwa na cherehani. Kuna dawa?

Ipo, na inaanzia kwenye kukata. Tandaza karatasi kubwa mezani, weka shifoni juu yake, bana kwa pini nyembamba ndani ya posho ya mshono (sehemu kati ya mshono na ukingo wa kitambaa), kisha kata kitambaa na karatasi pamoja. Mkasi ukikata karatasi, shifoni haina pa kukimbilia.

Kwenye kushona, weka sindano mpya ya 60/8 au 70/10, uzi mwembamba wa poliesta, mshono wa milimita 2 hivi. Shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma unapoanza, usiziachie hadi mishono minne mitano ipite. Usianzie ukingoni kabisa. Anza sentimita moja ndani. Kikiendelea kumezwa, weka chini yake karatasi nyeupe nyembamba, shona vyote pamoja, kisha ichane polepole kwa kufuata mshono. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye kitambaa.

Hapa wenye cherehani cheusi cha kukanyaga mna jambo la kujivunia. Tundu la bamba lake, yaani kile kipande cha chuma chini ya sindano, ni dogo na la duara, kwa kuwa kinashona mstari mnyoofu tu. Vyerehani vya zigizaga vina mwanya mpana ili sindano iweze kwenda kushoto na kulia, na ndimo shifoni inamozama. Kama chako kinaruhusu, hamisha sindano hadi pembeni kushoto; ukingo wa bamba utaishikilia shifoni kwa upande mmoja.

Kingo za shifoni usizipige ovaloki kama nguo itavaliwa bila bitana, maana zinaonekana. Shona mara mbili: kwanza weka vipande mgongo kwa mgongo, shona kwa milimita 5, punguza kingo zibaki milimita 3, geuza nguo upande wa pili, kisha shona tena kwa milimita 7. Nyuzi zote zinazofumuka zinabaki zimefungiwa ndani.

Na satini je?

Satini haisamehe tundu. Pini iliyochomwa katikati ya kitambaa huacha alama, na mshono uliofumuliwa huacha mstari wa vitundu. Choma pini ndani ya posho tu, na jaribu kila kitu kwenye kipande cha pembeni. Mshono ukijikunyata, punguza tensheni ya juu, punguza mwendo, na tandaza kitambaa kwa mkono mmoja mbele na mwingine nyuma ya sindano bila kukivuta. Pasi upande wa ndani, juu ya kitambaa kingine, isiwe ya moto sana. Maji yasidondoke hapo.

Nashona abaya nyumbani. Kitambaa cheusi kinang'aa kila nikipiga pasi.

Ni poliesta, na ule mng'ao ni nyuzi zilizobanwa na joto. Hauondoki tena. Pasi iwe ya wastani, juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, upande wa ndani. Na kwa ajili ya macho yako, shona mchana au weka taa ubavuni: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi usiku ndio unaofanya watu washone mkono wa kulia kushoto.

Naweza kushona tisheti kwenye cherehani cha mshono mnyoofu tu?

Unaweza. Tatizo ni kwamba kitambaa kinavutika na mshono hauvutiki, kwa hiyo siku ya kwanza ukiipitisha kichwani, uzi unakatika. Tumia uzi wa poliesta, si wa pamba, kwani wenyewe una unyumbufu kidogo. Mshono uwe mfupi, milimita 2. Unaposhona, vuta kitambaa kidogo mbele na nyuma kwa nguvu sawa, kidogo tu, kisha pitisha mshono wa pili milimita 2 kutoka wa kwanza. Mabegani weka utepe mwembamba wa pamba ndani ya mshono ili pasitanuke.

Mwenye zigizaga aweke upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa 2.5. Kwa macho unaonekana karibu mnyoofu, lakini unanyumbuka. Kwa pindo la chini kuna sindano pacha, inayotoa mistari miwili sambamba juu na zigizaga chini, kama za dukani. Haifanyi kazi kwenye vyerehani ambavyo uzi huingia kwa ubavuni.

Mishono ikiruka kwenye tisheti, usitafute mbali: weka sindano yenye ncha ya mviringo. Kwa jezi za michezo na vitambaa vyenye lastiki nyingi, chukua ile ya alama ya njano.

Nikifika kwenye mshono mnene wa jinzi, cherehani kinakwama na sindano inavunjika.

Hili linaulizwa na kila anayefupisha suruali ya mtumba. Pale pembeni mwa mguu wa suruali kuna mshono uliokunjwa, ukipinda chini unapata tabaka nane au zaidi. Wengi huongeza mwendo ili cherehani "kiruke." Hapo ndipo sindano inapovunjika, kwa sababu ya mguu wa kubana. Ukianza kupanda lile donge, pua yake inainuka na kisigino kinabaki chini. Umelala mshazari, meno yanayosukuma kitambaa hayakishiki, mshono mmoja unarundikana juu ya mwingine, sindano inapinda na kugonga bamba.

Fanya hivi. Kwanza weka donge juu ya kitu kigumu, lifunike kwa kitambaa, ligonge kwa nyundo hadi lilale. Weka sindano ya jinzi 100/16 na urefu wa mshono 3 hadi 3.5. Shona hadi pua ya mguu ianze kuinuka, simama huku sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Inua mguu, ingiza chini ya kisigino chake, kwa nyuma, kipande cha jinzi kilichokunjwa hadi kilingane na unene wa donge. Shusha mguu. Sasa umelala sawa. Zungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono, hadi juu. Ukianza kushuka upande wa pili, hamishia kile kipande chini ya pua. Ukishapita, kitoe, endelea na pedali.

Uzi mnene wa rangi ya dhahabu uweke juu tu. Chini tumia wa kawaida, kisha ongeza tensheni ya juu kidogo.

Mahameli?

Ina manyoya, na manyoya yana mwelekeo. Pitisha kiganja: upande mmoja unateleza, mwingine unakataa. Vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, la sivyo nguo moja itaonekana rangi mbili. Tabaka mbili hukimbiana, pini hazitoshi, kwa hiyo piga bandi kwa mkono kabla ya kushona. Pasi haigusi uso wake kamwe; laza uso juu ya taulo au mahameli nyingine, tumia mvuke kwa mgongo.

Ukimaliza, fungua bamba na utoe vumbi kwenye meno kwa brashi ndogo. Usilipulize kwa mdomo, unalisukuma ndani pamoja na unyevu.

Nataka kutengeneza pochi ya ngozi au leza (ngozi ya bandia). Cherehani kitaweza?

Leza laini na ngozi nyembamba ya kondoo au mbuzi, ndiyo. Ngozi ya kandambili na mikanda, hapana; hiyo ni ya fundi viatu. Kila tundu ni la kudumu, kwa hiyo usifumue. Mshono uwe mrefu, milimita 3.5 hadi 4, maana mifupi hutoboa mstari unaochanika kama stempu. Badala ya pini tumia vibanio vya kuanikia nguo. Leza ikigandia chini ya mguu, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye soli ya mguu au nyunyiza poda ya mtoto kidogo. Usirudi nyuma kufunga mshono. Acha nyuzi ndefu, uzifunge fundo kwa mkono upande wa ndani.

Nimeletewa cherehani cha umeme kutoka Marekani. Nikichomeke?

Geuza usome kibao karibu na mota au kwenye pedali. Kikiandikwa 110 au 120 V, usikichomeke ukutani. Umeme wetu ni wa volti 220 hadi 240, utaunguza mota ndani ya muda mfupi. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati unaozidi ule ulioandikwa kwenye kibao. Kutoka Japani huwa ni volti 100, utaratibu ni huo huo. Kuchonga plagi ili iingie hakubadilishi volti.

Naweza kupaka mafuta ya kupikia, hayo ya cherehani yamekwisha?

Hapana. Yanakauka na kuwa gundi, na baada ya miezi gurudumu halizunguki. Subiri upate ya cherehani, yale meupe mepesi. Tone moja moja kwenye vitundu vyake na kwenye njia ya ndoano ya bobini, kisha shona kwenye kitambaa kikuukuu hadi madoa yaishe, kabla hujarudisha satini ya mtu.